Nimeona mapacha kwenye faili za mdogo wangu. Niseme au ninyamaze?

BARUA

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, mama wa watoto wawili, niko Tanzania. Nafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, katika chumba ambacho idara zote zinachangia mashine mbili. Moja ni ya kusoma seli, nyingine ni ya kuzichagua, na hiyo tunaiita sota. Kwa wasomaji wasioijua: damu inachanganywa na kingamwili zenye rangi, seli zinapita mojamoja mbele ya leza, mashine inasoma kila seli imeng'aa rangi gani. Sota inakwenda mbele zaidi. Inaukata mkondo kuwa matone, na tone lililobeba seli unayoitaka linatiwa chaji ya umeme, linavutwa pembeni na kudondokea kwenye kichupa chake. Waliowahi kupimwa CD4, yaani kuhesabiwa seli za kinga, kwenye kliniki ya VVU (CTC), wengi walipimwa na ndugu mdogo wa mashine hizi. Mimi nilianzia huko huko, hospitali ya mkoa, enzi ambazo mtu aliambiwa asubiri dawa mpaka CD4 zishuke chini ya 200, baadaye ikawa 350.

Kazi yangu ni kuiamsha sota asubuhi. Najaza maji ya chumvi, natoa hewa kwenye mipira, napitisha chembe za kupimia, kisha nakaa mbele ya skrini nikiyaangalia matone mpaka yasimame yasicheze. Umeme ukikatika usiku na kiyoyozi kikazima, chumba kinakuwa joto na leza hazitulii mpaka saa nne. Halafu wanakuja wenye zamu. Kuna anayejiandikia Ijumaa nzima kwenye kalenda na asitokee. Kuna anayeleta sampuli hajaichuja, nozeli ya mikroni 70 inaziba, ananiangalia kana kwamba nimeiziba mimi. Jioni mtumiaji wa mwisho anatakiwa apitishe jiki dakika kumi, kisha maji safi. Mara nyingi huyo wa mwisho ni mimi.

Sasa, kuna kijana anasoma PhD. Nitamwita mdogo wangu kwa sababu ndivyo tunavyoishi, na yeye ananiita dada. Alipofika hakujua hata kuwasha mashine, nikamfundisha. Mama yangu alipofariki alikuja kijijini na rambirambi za ofisi, akalala kwenye mkeka na wajomba zangu. Siyo mtu wa mbali kwangu.

Utafiti wake ni wa damu ya watoto waliolazwa na malaria. Ameona seli zenye alama mbili kwa pamoja, CD3 ambayo ni ya seli T, na CD14 ambayo ni ya monosaiti, aina mbili tofauti za seli nyeupe za damu. Kwa kawaida seli moja haibebi zote mbili. Watoto walio wagonjwa wanazo nyingi kuliko wazima. Yeye na profesa wake wanaamini ni aina ya seli ambayo haijaelezwa vizuri bado. Makala imeshatumwa kwenye jarida, tasnifu iko karibu kukabidhiwa, na amealikwa kuzungumza kwenye mkutano nje ya nchi.

Mwezi uliopita mtafiti mwingine aliniomba mipangilio ya mashine kwa rangi zinazofanana na za huyu kijana. Nikafungua faili yake ili niiazime. Macho yakaenda kwenye mageti, yaani mipaka tunayoichora kwenye skrini kuchagua seli zipi zihesabiwe. Ametoka geti la ukubwa wa seli akaruka moja kwa moja kwenye rangi. Hakuna geti la kuwatoa mapacha, yaani seli mbili zilizogandana zikapita kwenye leza kama moja, mfano wa watu wawili wanaopita mlangoni wamekumbatiana na bawabu akahesabu mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Wala hakuweka rangi ya kutambua seli zilizokufa, ambazo hunata na kila kitu. Mageti aliyaweka mwenyewe. Kanuni yetu inamruhusu aliyekwisha kufuzu mafunzo, na siku zile mimi nilikuwa nashughulikia mashine tu.

Nikanakili faili moja, nikaweka geti la mapacha. Seli zake zilipungua sana. Lakini hazikuisha. Nikafunga.

Sijasema kitu. Profesa wake ndiye mwenyekiti wa kamati ya maabara, na ndiye anayesaini mkataba wangu kila mwaka. Tena nina dukuduku la siku nyingi. Makala zote zilizotoka kwenye chumba hiki, mimi niko kwenye shukurani, na safari moja waliandika tu "mafundi wa maabara", bila jina. Nilipolisema kwenye kikao, profesa alijibu kwamba kuendesha mashine ndiyo kazi ninayolipwa. Nikifungua mdomo leo watasema nalipiza. Na sijui, mshauri, pengine kuna kaukweli.

Huyu kijana analipia wadogo zake ada. Ufadhili wake unakwisha mwaka huu. Nimwambie? Niende kwa profesa? Au ninyamaze, wahakiki wa jarida waone wenyewe?

Dada wa Sota

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na pole ya mama.

Kabla ya kazi hii ya kujibu barua nilikuwa maabara ya hospitali, upande wa darubini, wala leza sikuwahi kuigusa. Kwa hiyo barua yako nimemsomea rafiki anayeendesha mashine kama yako nchi nyingine, nikiwa nimeondoa kila kinachoweza kukutambulisha. Ya kitaalamu utakayoyaona hapa mengi ni yake. Ya moyo ni yangu.

Nikirudia nilivyokuelewa: umeona jambo kwenye data za mtu unayempenda, jambo ambalo likiwa kweli linatikisa kazi yake ya miaka. Aliye juu yake ndiye aliye juu yako pia. Na wewe mwenyewe una deni ambalo taasisi hiyo haijakulipa, deni la kutambuliwa. Mambo haya mawili, kosa linalodhaniwa na deni lako, yamekaa kwenye barua moja na naona yamekaa kifuani mwako pamoja vilevile. Ndiyo maana ulipofika kwenye kusema ukajishuku. Mimi sioni kwamba kujishuku huko ni kubaya. Ila nakuomba uyatenganishe kwanza, hata kwa kalamu: karatasi moja ya ulichokiona kwenye faili, karatasi nyingine ya shukurani na kile kikao. Ile ya pili ina haki yake na siku yake. Zikienda mezani siku moja, ya kwanza haitasikilizwa.

Nikae kidogo kwenye hiyo ya pili, kwa sababu kuna kitu sina hakika kama umekitazama. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi wa makala: awe amechangia kwa uzito kwenye kubuni utafiti, au kupata data, au kuichambua, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, aridhie toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote, maswali ya usahihi yakitokea. Hilo la kwanza nadhani ungelifikia kwa urahisi kuliko profesa anavyosema. Lakini hebu angalia la nne. Jina lako lingekuwa kwenye makala hii, leo usingekuwa unaniuliza useme au usiseme. Ungekuwa unadaiwa kusema. Silisemi hili kukuumiza. Nasema kile ulichokuwa unakidai kina upande huu pia, na pengine kwa namna unavyokosa amani umeshaanza kuubeba, jina lipo au halipo.

Sasa kwenye faili. Umeandika kana kwamba jibu umeshalipata, kisha ukaongeza maneno mawili ambayo yamenifanya nisome tena: "Lakini hazikuisha". Rafiki yangu naye alisimama hapo hapo. Akasema geti la mapacha la kawaida, la kulinganisha eneo na urefu wa pigo la mwanga ambalo seli hutoa ikipita kwenye leza, linapunguza lakini haliwanasi wote. Kwa hiyo zilizobaki zinaweza kuwa mapacha waliopenya. Zinaweza kuwa seli zilizokufa. Zinaweza pia kuwa anachosema kijana, japo yeye binafsi hangeweka pesa yake hapo.

Halafu akaniambia habari ambayo nadhani itakugusa. Mwaka 2019 watafiti wa San Diego, Marekani, walichapisha kazi kuhusu seli hizi hizi zenye CD3 na CD14. Wakazitoa kwa sota na kuzitazama kwa darubini, na nyingi zikawa seli T na monosaiti zilizoshikana. Lakini hawakuishia kusema ni uchafu wa maabara utupwe. Walionyesha dalili kwamba mishikamano ile inatokea ndani ya mwili, na kwamba wingi wake hubadilika kwa watu wenye kifua kikuu au homa ya dengi. Maana yake, mapacha ambao kila mtu alizoea kuwafuta wanaweza kuwa na habari ya kusema kuhusu ugonjwa.

Ndiyo kusema kijana wako amepona? Siyo lazima. Dai la "seli mpya" na dai la "seli mbili zilizoshikana kwa watoto wagonjwa" ni madai mawili tofauti, na la pili linataka ushahidi wake, tena wengine wamelitangulia. Ila nakuuliza: umechukulia kwamba ukisema, kazi yake inakufa. Je, kama haifi bali inabadilika jina na ukubwa? Na umechukulia kwamba hajui. Inawezekana aliuliza, akaambiwa na mtu aliye juu yake kwamba haidhuru. Wewe uliona mageti, mazungumzo yao hukuyasikia.

Kuna lingine, na hili nalisema polepole. Utakapomwambia, huenda neno lake la kwanza lisiwe la mapacha kabisa. Linaweza kuwa, "Dada, ulifungua faili zangu?" Ulifungua kwa sababu halali, ya kuazima mipangilio, na kwenye mashine ya kuchangia ni jambo la kila siku. Kunakili na kuweka geti jipya ni hatua moja zaidi ya kuazima. Sikulaumu, na sijui kanuni za chumba chenu zinasemaje kuhusu nani anaruhusiwa kuangalia nini. Jua tu kwamba swali hilo lipo njiani, na ulitafutie jibu moyoni kabla hajaliuliza.

Tuzitazame njia zako basi.

Ya kwanza ni yeye mwenyewe, peke yenu. Uzuri wake ni kwamba faili zake kama zina eneo na urefu wa pigo, na inaonekana zinazo maana wewe uliweza, geti la mapacha linaweza kuwekwa kwa mkono wake mwenyewe kwenye data za zamani bila kumchoma mtoto yeyote sindano tena. Seli zilizokufa ndiyo shida, rangi ambayo haikuwekwa siku ile hairudi. Lakini kama kuna sampuli zilizobaki kwenye friza, rangi hiyo inaweza kuwekwa sasa, seli zikachaguliwa upya, chache zikatiwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Kiini kimoja au viwili, jicho linaona. Kugandisha nako huua baadhi ya seli, kwa hiyo jibu lenyewe halitakuwa safi kabisa. Rafiki yangu alisema angeanza na swali badala ya habari: "Hivi mapacha uliwatoa wapi kwenye hii? Nataka nimwonyeshe mwenzako." Mimi nina wasiwasi kidogo na swali la namna hiyo, kwa sababu wewe jibu unalijua na yeye akija kugundua atajiona alitegwa. Lakini wewe ndiye unayejua mnavyoongea.

Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukusihi unyamaze. Akikuomba hivyo kama mdogo wako, akiwa na ada za wadogo zake mkononi, utamjibu nini? Usiende kabla ya kulifikiria hilo, kwa sababu ukishamwambia hutakuwa tena mtu asiyejua, na yeye atajua kwamba unajua.

Njia ya profesa ni fupi kwa kanuni na ndefu kwa maisha. Yeye ndiye anayeweza kusimamisha makala au kuirekebisha mapema, na kuna maprofesa ambao wangeshukuru kuokolewa na aibu. Huyu wako simjui. Nilichokisoma ni jibu moja alilokupa kikaoni, jibu baya kweli, lakini mtu hapimwi kwa kikao kimoja. Ukienda kwake kabla ya kijana, kijana ataona umempita. Ukienda bila karatasi, itakuwa neno lako na mkataba wako. Ukienda, nenda na faili, na ile karatasi ya shukurani iache nyumbani.

Ipo njia ya pembeni ambayo watu wa maabara wanaipenda: kupeleka kwenye kamati kanuni mpya kwamba kila anayetumia sota aonyeshe picha za mageti yake kabla ya kuanza, pamoja na rangi ya seli zilizokufa na sampuli za rangi mojamoja za kulinganishia. Ni kanuni nzuri, ningeiunga mkono hata kama barua hii isingekuwapo. Inalinda watakaokuja. Makala iliyokwisha kutumwa hailindi, isipokuwa kijana ashtuke mwenyewe akafungue faili zake. Na anaweza kushtuka na kukasirika, akaona umemsema mbele za watu bila kumtaja.

Kunyamaza nako ni njia, sitajifanya haipo. Tangu 2008 kuna mwongozo wa kimataifa, MIFlowCyt, unaotaja taarifa ambazo makala ya mashine hizi inapaswa kuzitoa, mageti yakiwemo, na majarida mengi yanadai picha zake. Mhakiki mkali ataliona pengo na kuuliza. Pengine kijana atalipokea vizuri zaidi kutoka kwa mtu asiyemjua kuliko kutoka kwa dada yake. Pengine pia mhakiki atakuwa na haraka siku hiyo, makala itoke, mtu wa nchi nyingine arudie kazi asione kitu, na maswali yaje wakati kijana ana cheti mkononi na daftari la mashine lina jina lako kwenye tarehe zile zile. Wala tusiwasahau akina mama waliokubali watoto wao watolewe damu wakiwa na homa. Walikubali wakiamini itatumika vizuri. Sisemi hivi ili kukuongezea mzigo. Ni kwamba katika barua yako nzima hawakutajwa, na nao wamo kwenye hesabu.

Kuhusu kulipiza kisasi, umesema pengine kuna kaukweli. Mimi sijawahi kukutana na mtu mwenye sababu moja tu safi ya kufanya jambo gumu. Kama chuki kidogo ipo, haiwageuzi mapacha kuwa seli moja. Inachoweza kugeuza ni sauti yako siku ya kuongea. Mtu wa kukusikiliza kwanza angekusaidia hapo, na si lazima awe wa taasisi yenu. Wenye mashine za aina hii Afrika Mashariki siyo wengi, nadhani mnajuana. Mwenzako wa chumba kingine anaweza kuonyeshwa picha za mageti bila jina la mtafiti, akakuambia anaona nini, na wewe ukasikia sauti yako inavyotoka unapolieleza.

Sitakuambia njia ipi. Kuna mambo unayoyajua wewe ambayo barua haikuweza kuyabeba: uso wa huyo kijana anaporekebishwa, profesa anavyokuwa akiwa peke yake, mkataba wako unakwisha lini. Nilichokiona wazi ni kimoja tu, kwamba jambo hili halina umri sawa kila wiki. Leo makala iko kwa wahariri na inaweza kuvutwa kwa barua pepe ya mistari miwili, bila makelele. Tasnifu ikishakabidhiwa, mlango huo unakuwa mzito zaidi.

Na kabla sijasahau, unasema umeachiwa kupitisha jiki karibu kila jioni. Sota inarusha mvuke wa matone, hasa nozeli ikiziba, na damu ile haijauliwa vimelea. Natumaini una chanjo ya homa ya ini B na kwamba mashine iko ndani ya kabati la usalama. Kama sivyo, hilo halihitaji mshauri, lipeleke kwenye kikao kijacho.

Ukiniandikia tena, nitaanza kwa kutaka kujua kama zile sampuli bado zipo kwenye friza, na nani mwenye ufunguo.